Mali bila Daftari: Miswada na Kumbukumbu za Historia ya Usukuma

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuifikiria kuwa ni onyo kwa mwenye duka, asije akakopesha asikumbuke. Lakini historia nayo ni mali, tena ni mali ya watu wote; nayo pia, isipoandikwa ikatunzwa, huisha bila habari. Tofauti ni moja tu. Mwenye duka hugundua hasara yake mwisho wa mwezi, ilhali taifa huweza kupoteza historia yake kwa miaka mingi bila kujua kwamba limepoteza kitu.

Katika insha hii tunakusudia kuichunguza daftari ya historia ya Usukuma: imeandikwa na nani, kwa nia gani, imehifadhiwa wapi, na nini wajibu wetu kwayo. Tutaitazama kutoka Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu katika mkoa wa Shinyanga, ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Tumeichagua Maganzo si kwa sababu ina maktaba kubwa, bali kwa sababu haina. Na miji ya namna hiyo ndiyo mingi katika nchi yetu.

Historia ya jiwe na historia ya watu

Habari za almasi ya Mwadui zinajulikana dunia nzima. Inajulikana kwamba John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliigundua mwaka 1940. Inajulikana kwamba mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi, na kwamba lilipochongwa lilibaki na karati 23.6. Jiwe moja, nalo limeandikiwa mahali lilipozaliwa, mwaka wake, uzito wake kabla na baada ya kuchongwa, na mtu aliyelivaa.

Sasa mwanafunzi wa sekondari na aulize: ni nani waliokuwa wakilima na kuchunga katika mbuga ile kabla ya mwaka 1940? Ukoo gani ulikuwa na malisho wapi? Kisima kilikuwa cha nani, na wazee walizikwa upande gani? Hana kitabu cha shule kitakachomjibu. Atapelekwa kwa mzee mmoja, na mzee huyo akiwa amekwisha kufariki, atapelekwa kwa mwingine aliyesikia kwa yule wa kwanza. Hatusemi kwamba habari za jiwe zisiandikwe. Tunasema kwamba jamii iliyopima jiwe mpaka nukta ya karati, isishindwe kuandika majina ya watu waliokaa juu ya ardhi ile ile.

Maneno ya wazee ni daftari ya kwanza

Hata hivyo, tusianze kwa kudhani kwamba pasipo karatasi hapana kumbukumbu. Wasukuma walikuwa na namna zao za kuweka habari. Kila utemi ulikuwa na ngoma zake na vifaa vyake vya kitawala. Mtemi alikuwa na wazee wa baraza, banang'oma, ambao walijua taratibu za kumsimika na kumzika, na majina ya waliomtangulia. Miaka ilihesabiwa kwa mambo yaliyowapata watu: njaa, nzige, au ugonjwa wa sotoka ulioangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890. Mzee akisema alizaliwa nzige walipoingia, anataja tarehe kamili. Kazi ya mwanahistoria ni kuilinganisha na kalenda.

Kisha kuna nyimbo. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi, na katika ushindani huo watunzi wameimba juu ya vita, safari za wapagazi, kilimo cha pamba, kodi na viongozi wao. Mwaka 2010 Frank Gunderson, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, pamoja na maelezo ya wazee waliozifafanua. Anayekisoma huona kwamba mkulima aliyeimba shambani alikuwa akitunza historia, ingawa hakuwa na kalamu.

Maneno ya wazee, hata hivyo, yana udhaifu wake. Hufupisha nasaba, hujumuisha watemi wawili wenye jina moja, na humpamba mshindi. Ndiyo maana Buluda Itandala, mwanahistoria wa Kitanzania, alipoandika tasnifu yake ya mwaka 1983 juu ya Wabinza wa Usukuma mpaka mwaka 1890, ilimbidi kuyapima masimulizi ya mahali pamoja na ya mahali pengine. Maneno ya mdomo na maandishi ni mashahidi wawili, na hakimu mwema huwasikiliza wote.

Maandishi ya pwani na ya bara

Nchi yetu haikuanza kuandika ilipotawaliwa na Wazungu. Historia ya Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake iliyofanywa Unguja mwaka 1877 iko London hadi leo, na sehemu ya habari za namna hiyo ilichapwa Ureno na João de Barros mwaka 1552. Kutoka Usambara tunacho kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemed bin Ali Ajjemy, aliyewahi kuwa karani wa watawala wa huko. Kilichapwa kwa mafungu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mtoro bin Mwinyi Bakari akaandika desturi za Waswahili, zikachapwa Ujerumani mwaka 1903.

Kalamu hiyo haikuishia pwani. Iliingia bara pamoja na misafara. Mirambo, mtemi wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, aliwasiliana kwa barua na balozi wa Uingereza aliyekuwako Unguja. Makarani wake walimwandikia. Kwa hiyo jirani zetu wa Unyamwezi walijua nguvu ya waraka kabla bendera ya Kijerumani haijapandishwa. Tukikumbuka hilo, hatutaiona karatasi kuwa kitu cha wageni tulichoazimwa.

Daftari za boma na za misheni

Maandishi mengi juu ya Usukuma yaliandikwa na watu waliokuja kutoka nje. Speke alipita mwaka 1858 akielekea ziwani, akaandika katika shajara yake vijiji alivyolala. Mapadri waliojenga Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, walikuwa na amri ya shirika lao kuandika mambo ya kila siku ya misheni: mvua, wagonjwa, wageni na magomvi ya watawala. Vitabu vyao vya ubatizo na ndoa vina majina ya watu wa kawaida ambao hawakutajwa na mwandishi mwingine yeyote.

Wajerumani walipotawala waliweka majalada. Sehemu iliyosalia ya majalada hayo imo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Orodha yake ilichapwa mwaka 1973, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Waingereza nao waliagiza kila boma liwe na Kitabu cha Wilaya. Humo maofisa waliandika makabila, orodha za watemi, mila za ardhi na ndoa, mvua, barabara na magonjwa. Ofisa mmoja akihama, aliyefuata aliendelea pale alipokoma mwenzake.

Hapa hatuna budi kumtaja Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa elimu ya jamii. Mwaka 1951 alichapisha kitabu juu ya taratibu za kumsimika mtemi. Mwaka 1953 kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Na mwaka 1954 kitabu cha utawala wao wa asili. Alipofariki mwaka 1962 aliacha karatasi nyingi, ambazo ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria. Kwa hiyo mengi aliyoyaandika Cory leo hayaonekani tena kwa macho, na kijana wa Kishapu anayetaka kuyajua hulazimika kuyasoma katika vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza.

Je, maandishi haya yaaminiwe? Yasomwe, lakini yasomwe kwa macho mawili. Hayakuandikwa ili sisi tuijue historia yetu. Yaliandikwa ili tutawaliwe na kutozwa kodi. Daftari ya kodi huandika nyumba kwa jina la mwanamume, na mwanamke hupotea humo kana kwamba hakuwapo. Orodha ya watemi nayo yaweza kumpoteza msomaji. Zamani katika tawala nyingi za Usukuma urithi ulipitia upande wa kike, na mpwa ndiye aliyemrithi mjomba. Wakati wa ukoloni desturi hiyo ikageuzwa, mtoto akamrithi baba. Asiyelijua hilo ataisoma orodha nzima kana kwamba kila mtemi ni mwana wa aliyemtangulia, na nasaba yote itakuwa imepinda.

Lakini jambo la kushangaza ni kwamba daftari ya mtawala hutoboa siri ambazo yeye mwenyewe hakukusudia kuzitoa. Vitabu vya mashauri vya mabaraza ya kienyeji viliandikwa na makarani wetu, kwa Kiswahili. Humo mna kesi za mahari, za mipaka, za ng'ombe waliopotea na za wake walioomba talaka. Yule mwanamke aliyefutwa katika daftari ya kodi, hapa anasimama mbele ya baraza na kusema neno lake, na karani analiandika. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi maisha ya watu wa kawaida wa miaka ya 1930 au 1940, hatapata mahali pazuri kuliko hapo.

Waandishi waliotoka miongoni mwetu

Wapo pia wenyeji walioandika bila kutumwa na boma. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Na katika kisiwa cha Ukerewe, jirani kabisa na Usukuma, alikuwako Aniceti Kitereza, mjukuu wa Machunda aliyekuwa mtawala wa kisiwa hicho. Kitereza aliona kwamba vijana wa wakati wake wanaanza kuzisahau desturi za wazee wao. Akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambamo uvuvi, kilimo, uganga, uzazi, pombe na heshima ya ukwe vimeelezwa hatua kwa hatua. Aliukamilisha muswada wake mwaka 1945.

Hapakupatikana mchapishaji wa kitabu kikubwa katika lugha ya watu wachache. Mwandishi hakukata tamaa. Aliketi akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikichapisha mwaka 1980, miaka 35 baada ya muswada wa kwanza kukamilika, na mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Fikiria, ndugu msomaji, muswada ule ungepatwa na nini katika miaka 35 kama mwenyewe asingeulinda na mchwa, na moto, na maji, na watu wasiojua thamani yake. Ungepotea bila kelele. Ni miswada mingapi iliyokosa mlinzi kama huyo?

Kuhusu ulinzi, tuutaje pia mfano wa Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, pamoja na wazee wa Kisukuma, walikusanya ngoma, viti vya watemi, zana na masimulizi, yakawa Makumbusho ya Wasukuma. Ngoma ya Bulabo inayochezwa huko kila mwaka mwezi wa Juni huwakusanya tena Bagika na Bagalu. Bujora inatufundisha kwamba hifadhi haikamiliki kwa kufungia vitu kabatini. Hukamilika pale watu wanapokuja kuvitazama vitu hivyo na kuambiana maana yake.

Daftari za kijiji na hatari zake

Sasa turudi Maganzo na vijiji vinavyoizunguka. Baada ya Uhuru, kazi ya kuandika ilishuka mpaka kijijini. Katika operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 maelfu ya watu wa Shinyanga walihamishwa kutoka katika makazi yao ya zamani; mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuandikisha vijiji. Tangu hapo kila kijiji kina mihtasari ya mikutano, orodha ya kaya, na daftari za michango ya shule na zahanati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza masjala ya ardhi. Karatasi hizi ndizo nyaraka za kale za kesho. Mjukuu atakayetaka kujua ukoo wake ulitoka wapi kabla ya kuhamishwa, jibu lake huenda limo katika daftari yenye jalada lililochanika, iliyowekwa juu ya kabati la mtendaji.

Sisi tuliokaa miaka mingi katika kazi za ofisi tunajua jinsi daftari hizo zinavyokufa. Mvua huvuja juu yake, mchwa huzila, kiongozi anapobadilika huondoka nazo nyumbani, na zilizobaki hufungiwa karanga sokoni. Hakuna adui aliyezichoma. Zimeuawa na kutojali.

Wala jambo hili si la kupendeza wasomi tu. Wilaya zetu zilipokwisha kukatwa miti na kulishwa mpaka udongo ukabaki mtupu, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanzishwa mwaka 1986 uliirudia desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ikapumzika mpaka kiangazi. Ngitili nyingi zilikuwa zimevunjika watu walipohamishwa. Lakini kulikuwako wazee waliokumbuka zilivyokuwa na zilivyotunzwa, na kwa kumbukumbu hiyo maeneo makubwa yakaota tena. Kama kumbukumbu ile ingekuwa imekwisha, hata fedha nyingi zisingejua pa kuanzia.

Tena, tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika makazi na mashamba ya vijiji jirani. Katika siku ya msiba kama huo maswali ya historia hugeuka kuwa maswali ya haki: nani alikaa wapi, shamba lake lilikomea mti gani, kaburi la nani liko chini ya tope. Mwenye mgodi yeyote huja na ramani zake. Mwanakijiji anahitaji kuwa na daftari yake, tena nakala yake iwe imewekwa mahali ambapo tope halifiki.

Mfano kutoka nchi ya Wales

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii ni ya mataifa makubwa na matajiri. Tutazame basi watu wa Wales, taifa dogo lililo upande wa magharibi wa Uingereza. Kwa sheria ya mwaka 1536 Kiingereza kilifanywa lugha ya mahakama zao, na lugha yao ikasukumwa nyuma. Miswada yao ya kale ilibaki katika nyumba za watu binafsi. Mmoja wao, Robert Vaughan wa Hengwrt, aliyefariki mwaka 1667, alitumia maisha yake kukusanya na kunakili. Miongoni mwa alivyoviokoa kimo Kitabu Cheusi cha Carmarthen, cha karne ya 13, chenye mashairi ya kale ya lugha yao.

Mwaka 1907 ikaanzishwa Maktaba ya Taifa ya Wales katika mji wa Aberystwyth, na mkusanyo ule ukapata nyumba. Ujenzi wake ulichangiwa na watu wa kawaida, wakiwamo wachimbaji wa makaa ya mawe waliotoa shilingi katika mishahara yao. Wachimbaji wa chini ya ardhi walijenga nyumba ya vitabu! Nasi katika ukanda wa almasi na dhahabu, kuanzia Mwadui hadi Geita, tunao wachimbaji wengi. Hatuombi zaidi ya nia kama ile.

Wajibu wetu

Serikali imetimiza sehemu yake ya msingi. Sheria ya Nyaraka za Taifa ilitungwa mwaka 1965, na mwaka 2002 ikaja Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka. Lakini Dar es Salaam ni mbali na Maganzo, na nyumba moja haiwezi kubeba daftari za kila kijiji. Kazi iliyobaki ni ya walimu na wanafunzi wao.

Kila shule ya sekondari na iwe na kabati moja lenye kufuli, na daftari moja kubwa iitwayo Kitabu cha Historia ya Mahali. Kila mwaka wanafunzi wa kidato kimoja waende kwa wazee, wake kwa waume, waandike jina la msimulizi, mahali, tarehe na maneno yake, bila kuyapamba. Wakopi orodha za zamani za kijiji kwa ruhusa ya wenyewe, nakala moja ikae shuleni na nyingine ipelekwe wilayani. Siku hizi simu nyingi hupiga picha. Ukurasa unaooza waweza kupigwa picha kabla haujatoweka. Lakini picha isiyo na maelezo ni mzigo bila mwenyewe, basi iandikwe imetoka wapi na inaonyesha nini. Kisha masimulizi yalinganishwe na maandishi, na pale yanapopingana, yaandikwe yote mawili.

Kazi hii haihitaji shahada. Abdallah bin Hemed alikuwa karani, na Robert Vaughan alikuwa mtu mwenye subira na kalamu. Kilichowatofautisha na wengine ni kwamba waliona kitu kinakwenda kupotea, wakaketi kuandika. Wazee wa Kishapu, wa Kahama na wa Geita wangali wapo, na kila msimu wa mvua hupungua. Waendewe sasa.